Msawazo wa kemia, wa mwili, wa soko na wa falsafa: nadai ni somo moja tunalofundishwa mara nne

#1 Kalamu_Nyeusi
Wakuu, habari zenu. Nina dai, nalileta hapa lichanwe.

Semista hii nina kemia, fiziolojia, misingi ya biashara na utangulizi wa falsafa. Kila nikifungua daftari nakutana na mgeni yuleyule. Kwenye kemia, mmenyuko unaoweza kurudi nyuma hufika mahali kasi ya kwenda ikalingana na kasi ya kurudi, na ukiusukuma unajisogeza upande wa kupunguza ule msukumo. Hiyo ni kanuni ya Le Chatelier, 1884. Kwenye fiziolojia, joto la mwili likipanda jasho linatoka, likishuka unatetemeka. Kwenye biashara, bei ikiwa juu mno bidhaa zinabaki rafuni, basi bei inashuka mpaka ugavi na uhitaji vikutane. Kwenye falsafa, Aristotle anasema ushujaa umekaa kati ya woga na ukurupukaji.

Dai langu ni kwamba hiki ni kitu kimoja. Kila kitivo kimekivalisha nguo yake, nasi tunakariri mara nne jambo ambalo lingefundishwa mara moja likaeleweka. Nani anapinga, na kwa hoja gani?

#2 Mtoro_wa_Logi
Naweka kambi hapa. Pepa ya kemia iko karibu, nikiokota chochote nitashukuru.

#3 Dada_Maabara
Mkuu Kalamu, dai ni zuri ila umeliharakisha. Kuna tofauti mbili zinazolipasua tangu mwanzo.

Kwanza, msawazo wa kikemia haurudishi hali ya awali. Chukua naitrojeni na haidrojeni zinazotengeneza amonia. Ukiongeza naitrojeni kwenye chombo, sehemu yake italiwa na amonia itaongezeka, lakini ukija kupima mwishoni utakuta ukolezo wa naitrojeni bado uko juu kuliko ulivyokuwa kabla hujaongeza. Mfumo umepunguza msukumo, haujaufuta. Mwili hauridhiki na kupunguza, unataka kurudi palepale.

Pili, kwenye chupa hakuna kitu kinachopima chochote. Hakuna kihisi wala mahali pa kuamulia. Molekuli zinagongana, basi. Na kwa wanaokariri kanuni hiyo kwa maneno matupu: ukiongeza heliamu kwenye chombo chenye ujazo usiobadilika, kanieneo la jumla linapanda na msawazo hausogei hata kidogo, kwa sababu ukolezo wa gesi zinazohusika haujaguswa. Swali hilo huwaangusha wengi sana.

#4 BibiFigo
Naongezea msumari. Mwili uliofika kwenye msawazo wa kikemia ni maiti.

Tazameni seli ya neva iliyotulia. Ndani yake kuna volti hasi ya takriban milivolti 70. Potasiamu ingeachiwa ifike kwenye msawazo wake ingetaka karibu hasi 90. Sodiamu ingetaka karibu chanya 60. Maana yake hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliye kwenye msawazo: potasiamu inavuja kwenda nje, sodiamu inavuja kuingia ndani, muda wote. Kinachozuia hali isiporomoke ni pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na kila mzunguko inakula molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli. Hali haibadiliki, ndiyo, lakini haibadiliki kwa sababu kuna nishati inayolipiwa bila kukoma. Ukikata nishati ndipo utauona msawazo wa kweli, na hapo mgonjwa ameshakwenda.

Kwa hiyo mambo mawili yanaonekana yametulia kwa nje, ila moja limetulia kwa kuwa halina pa kwenda na jingine kwa kuwa linafanya kazi bila kupumzika. Nani atayaita kitu kimoja?

#5 Mzee_wa_Mizania
Dada Figo hapo umenena. Nami kwa upande wa biashara nimtoe kijana kwenye mtego ambao bado hajauingia lakini yuko mlangoni.

Watu wakisikia msawazo wanakimbilia mizania, mali upande huu, madeni na mtaji upande ule, jumla zinalingana. Kule kulingana hakutokani na nguvu mbili kuvutana. Ni matokeo ya kila tukio kuandikwa mara mbili, utaratibu ambao Luca Pacioli aliuchapisha 1494. Kampuni inayofilisika leo jioni mizania yake inalingana vilevile, isipokuwa mtaji umegeuka kuwa namba hasi. Kulingana kwa mizania hakukuambii kama mwenye biashara atalala usingizi.

Msawazo wa ugavi na uhitaji ni habari nyingine, huo una mvutano. Ila nao una masharti: wanunuzi wawe wanazijua bei, wauzaji wawe wengi, hakuna anayezuia bei kusogea. Ondoa sharti moja uone.

#6 Mtoro_wa_Logi
Wajuzi, nina swali linalonikosesha raha, na linaingia humuhumu. Mhadhiri wa kemia alisema bafa, yaani mchanganyiko unaozuia uasidi usibadilike sana, hufanya kazi vizuri pale pH (kipimo cha uasidi, kikishuka asidi imezidi) ikiwa karibu na pKa (namba ya asidi ya bafa hiyo), tofauti isizidi moja. Bafa ya bikaboneti ina pKa ya 6.1 na damu ina pH ya 7.4. Tofauti ni 1.3. Kwa hiyo ni bafa dhaifu. Nikaenda fiziolojia, nikaambiwa bafa kuu ya damu ni bikaboneti. Sasa kwenye mtihani niandike la nani?

#7 Dada_Maabara
Andika la mwenye mtihani, haha. Kwa uzito wake sasa: mhadhiri wako wa kemia yuko sahihi kwa chupa iliyofungwa. Tufanye hesabu uione.

Damu ya kawaida ina bikaboneti milimoli 24 kwa lita. Kabonidayoksaidi iliyoyeyuka ni 0.03 mara kanieneo lake la milimita 40 za zebaki, yaani 1.2. Gawanya 24 kwa 1.2 unapata 20. Logi ya 20 ni 1.3. Jumlisha na 6.1, hiyo hapo 7.4.

Sasa mwaga asidi kali milimoli 12 kwenye lita hiyo na ufunge chupa. Bikaboneti inaimeza asidi na kugeuka kabonidayoksaidi, kwa hiyo inabaki 12, na kabonidayoksaidi inakuwa 13.2. Uwiano ni 0.91, logi yake ni hasi 0.04. pH inakuwa 6.06. Mtu haishi kwa pH hiyo.

#8 BibiFigo
Nipokee kijiti hapo hapo. Mwili si chupa iliyofungwa. Ile kabonidayoksaidi iliyozalishwa inatolewa na mapafu. Ikibaki 1.2 kama mwanzo, basi 12 kwa 1.2 ni 10, logi ni 1, pH ni 7.1. Mgonjwa yuko hoi lakini yupo.

Na mwili haukomei hapo. Asidi inachochea pumzi ziwe za haraka na za kina, kanieneo la kabonidayoksaidi linashuka mathalani hadi 23. Zidisha kwa 0.03, karibu 0.7. Gawanya 12 kwa hiyo, unapata kama 17, pH inapanda hadi kama 7.33. Asidi ni ileile, milimoli 12 zilezile. Kutoka 6.06 hadi 7.33 tofauti ni kifua kinachopanda na kushuka. Baadaye figo zinaingia kazini polepole kutengeneza bikaboneti iliyoliwa.

Nimewaona wodini wagonjwa wa kisukari walioingia na asidi nyingi kwenye damu. Wanavuta pumzi ndefu, nzito, bila kupumzika, na mwanafunzi mgeni anadhani tatizo liko kifuani. Ukisikiliza mapafu, safi kabisa. Mapafu ndiyo yanayowaokoa. Ukifika hapo hutasahau tena kwa nini bafa "dhaifu" ndiyo kuu.

#9 Mtoro_wa_Logi
Aisee. Dada zangu, shukrani. Madesa yangu hayana hata mstari mmoja wa hesabu hii.

#10 Hoja_Tu
Nimesoma yote kimya. Nije kwenye upande uliotajwa kwa mstari mmoja ukaachwa.

Kalamu, Aristotle umemtendea isivyo haki. Katika Maadili ya Nikomako anatahadharisha kwamba kati anayoizungumzia siyo ya hesabu. Mfano wake: ikiwa mina kumi (kipimo cha uzito cha Wagiriki) za chakula ni nyingi kwa mtu na mina mbili ni chache, mwalimu wa mazoezi hatampa sita eti kwa kuwa sita iko katikati. Kwa Milo, yule mpiga mieleka, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kati hupatikana kwa busara, kwa mtu huyu, katika jambo hili, wakati huu. Halafu anasema wazi kuna matendo yasiyo na kati kabisa, kama wizi na mauaji. Hakuna kuiba kwa kiasi.

Kwenye chupa ya Dada Maabara nambari inakuja yenyewe. Kwa Aristotle hakuna kinachokuja chenyewe, mtu anajizoeza miaka kwa miaka mpaka tabia ikae. Na mtu akishindwa, hakuna nguvu ya asili inayomrudisha katikati.

Halafu kuna la mwanafalsafa Hume. Kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopaswa kuwa" hakuna daraja la bure. Soko linaweza kuwa kwenye msawazo kamili huku bei ikiwa ile ambayo nusu ya wahitaji hawaimudu. Hiyo ni taarifa tu. Uzuri wake au ubaya wake unahitaji hoja nyingine.

#11 Mzee_wa_Mizania
Hoja, hapo kwenye soko nakuunga mkono. Wanafunzi wengi wa biashara husoma mchoro wa mistari miwili inayokatana wakaondoka wanaamini pale inapokatana ndipo penye haki. Mchoro haujasema hivyo popote.

#12 Msomaji_wa_Kale
Wadau, mnajadili kama hivi vitu vinafanana au havifanani, na hamjauliza vilipitia kwa nani. Mimi naona jibu liko kwenye historia: vinafanana kwa sababu ni watu walewale waliovibeba kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Mfano mkubwa ni Lawrence Joseph Henderson wa Harvard. Mwaka 1908 aliandika kanuni ya bafa ya damu, ile mliyotoka kuipigia hesabu. Mwaka 1913 akaandika kitabu kinachouliza kwa nini mazingira yenyewe, maji na kabonidayoksaidi, yanaufaa uhai kiasi kile. Hapo tayari yuko kwenye falsafa. Mwaka 1927 ikaanzishwa maabara ya kuchunguza uchovu wa wanadamu kazini, naye akiwa kinara wake, na mahali ilipowekwa ni ndani ya jengo la shule ya biashara. Wakimbiaji walipimwa damu kwenye jengo ambalo wengine wanasomea uongozi wa kampuni! Kisha 1935 akachapisha kitabu kuhusu nadharia ya jamii ya Pareto, mwanauchumi wa Italia, akiielezea jamii kama mfumo unaorudi kwenye msawazo wake ukisumbuliwa.

Kemia, fiziolojia, biashara na falsafa, mtu mmoja. Kalamu, ratiba yako ya semista ndiyo maisha ya huyu bwana.

#13 Kalamu_Nyeusi
Mkuu, hii ya Henderson imenisimamisha kitini. Kwa hiyo dai langu lina baba!

#14 Dada_Maabara
Nyongeza ndogo kwa #12 ili watu wasiandike visivyo. Mwaka 1908 Henderson hakuandika kwa pH, kwa sababu pH ilikuwa haijatungwa. Ilikuja 1909 kwa Sørensen, aliyekuwa kwenye maabara ya Carlsberg. Kuiweka kanuni ya Henderson kwenye mfumo wa logi ni kazi ya Hasselbalch baadaye, ndiyo maana majina yako mawili.

Na kuwa na baba, Kalamu, si sawa na kuwa kweli. Henderson aliona msawazo kila mahali. Mtu akishazoea kutazama damu kwa jicho hilo, jamii nayo atailazimisha ikae kwenye mirija.

#15 Fundi_Mitambo
Naingia nikiwa nimechelewa. Mimi nimekaa kwenye uzalishaji, nataka kuirudisha ile amonia ya #3, maana hapo ndipo kemia na biashara zinaposhikana mashati.

Mmenyuko wa kutengeneza amonia unatoa joto. Le Chatelier anakuambia: punguza joto upate amonia nyingi zaidi. Nenda kiwandani, utakuta mitambo inaendeshwa kwenye nyuzi 400 hadi 500, na kanieneo kama mara 200 ya hewa ya kawaida. Kwa nini joto lote hilo wakati kanuni inasema baridi? Kwa sababu kwenye baridi mmenyuko ni wa polepole kiasi kwamba msawazo mzuri ungefika wakati mwenye kiwanda ameshafunga mlango. Kichocheo cha chuma kinaongeza kasi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa hiyo hakisogezi msawazo hata chembe, kinakufikisha mapema tu. Gesi ikipita mara moja inayogeuka ni sehemu ndogo, kama asilimia 15. Amonia inapozwa ikawa kimiminika, inatolewa, na gesi iliyobaki inazungushwa tena na tena.

Oneni basi. Kiwanda hakiusubiri msawazo, kinautoroka. Kila mara bidhaa inaondolewa kabla mambo hayajatulia. Mwanakemia Haber alipewa Nobel ya 1918 kwa kuonyesha inawezekana, na Bosch akapewa 1931, yeye na Bergius, kwa kazi ya kanieneo kubwa, ile iliyoufanya mtambo ufanye kazi kweli. Wakati ni rasilimali, na mchoro wa msawazo hauna mhimili wa wakati. Hilo ndilo pengo ambalo wanafunzi wa kemia hulijua wakishaajiriwa.

#16 BibiFigo
#15 umeupiga mwingi. Na hiyo ndiyo neva yangu ya #4: kutoa na kuingiza bila kukoma ili isifike mwisho. Kiwanda chako kinafanana na mwili kuliko kinavyofanana na chupa.

#17 Kidato_cha_Maisha
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nyie mnaosoma uuguzi au famasia, falsafa mnaisomea nini? Nauliza kwa nia njema, mdogo wangu ameikuta kwenye ratiba yake na analalamika.

#18 BibiFigo
Mwambie siku mashine moja itatakiwa na wagonjwa wawili, ataitafuta hiyo falsafa. Kingine, itamfundisha kuuliza "unajuaje?" kabla ya kuandika kwenye faili.

#19 Hoja_Tu
@Kidato_cha_Maisha, asome sehemu ya hoja na makosa ya hoja kwanza, ile atakutana nayo kila siku.

#20 Hesabu_Haidanganyi
Kina Dada Maabara mmemvunja moyo Kalamu mapema mno. Kuna upande wa dai lake uliothibitishwa kwa hesabu, tena kwa jina lilelile.

Mwanauchumi Paul Samuelson, kwenye kitabu chake cha 1947 kuhusu misingi ya uchambuzi wa uchumi, alichukua kanuni ya Le Chatelier akaiingiza kwenye uchumi na akaiacha na jina lake. Inasema hivi kwa maneno ya kawaida: bei ya kitu ikibadilika, mwitikio wa kampuni huwa mdogo pale mambo mengine yakiwa yamefungwa, na huwa mkubwa zaidi yakishafunguliwa. Mishahara ikipanda leo, mwenye kiwanda hawezi kubadili mashine leo, atapunguza saa chache za kazi. Ukimpa muda abadilishe na mashine, mwitikio unakua.

Hapo hakutumia mfano wa kupendezesha maneno. Hoja yake ni kwamba kampuni inayotafuta faida ya juu kabisa na mfumo wa kikemia unaotafuta nishati huru ya chini kabisa vyote ni matatizo ya kutafuta kilele au bonde, na hesabu ya vilele na mabonde haijali unapima nini. Kabla yake Irving Fisher, mwanafunzi wa Willard Gibbs, yuleyule Gibbs wa nishati huru, alishaunda mashine ya matangi ya maji kuonyesha jinsi bei zinavyotulia.

Kwa hiyo mimi nasema: kitu kimoja, ndiyo, lakini kilicho kimoja ni hesabu. Vitu vyenyewe ni vingi.

#21 Msomaji_wa_Kale
Umeniongezea nguvu. Fisher kwa Gibbs, Samuelson kwa Le Chatelier. Nilisema ni watu.

#22 Hesabu_Haidanganyi
Hapana mkuu, watu waliibeba kwa sababu ilibebeka. Kuna mangapi yalijaribiwa kubebwa yakamwagika njiani?

#23 Mzee_wa_Mizania
Msisahau kuwa mwanauchumi Marshall, ambaye kitabu chake cha 1890 kilieneza ule mchoro wa mistari miwili, mwenyewe aliona wachumi wanapaswa kuelekea baiolojia kuliko mifano ya mekanika. Aliuchora msawazo akijua haumtoshi.

Nami nilete kisa changu. Nilipokuwa nasimamia ghala, kuna bidhaa moja iliagizwa zaidi kidogo na wateja. Nikaagiza. Msambazaji akachelewa, nikaona rafu tupu, nikaagiza tena mara mbili ili kujihami. Wenzangu wa maghala mengine nao wakafanya hivyohivyo. Msambazaji akaona maagizo yamefura, akazalisha kwa fujo. Mzigo wote ukafika kwa pamoja wakati wateja wamesharudi kununua kama zamani. Tukakaa na makasha mpaka kwenye korido, tukaacha kuagiza kabisa, na kiwanda kikadhani bidhaa imekufa. Wateja walibadilika kidogo tu, huko juu mawimbi yakawa makubwa. Jay Forrester alilichambua jambo hilo kwenye kitabu chake cha 1961 kuhusu mienendo ya viwanda. Kila mmoja wetu alikuwa anatafuta msawazo, na kwa pamoja tukauvuruga.

#24 BibiFigo
Mzee, hicho kisa chako nimeshakiona wodini!

Kuna upumuaji uitwao wa Cheyne-Stokes. Mgonjwa, mara nyingi mwenye moyo uliochoka, anapumua kwa nguvu inayoongezeka, kisha inapungua, kisha anaacha kabisa kwa muda, halafu anaanza upya. Ndugu wanaokaa naye wanashtuka kila akinyamaza. Sababu mojawapo ni kucheleweshwa kwa taarifa: damu inatoka kwenye mapafu polepole, kwa hiyo vihisi, vikiwemo vya shingoni, vinapata habari ya zamani. Ubongo unaona kabonidayoksaidi iko juu, unaamuru pumzi nyingi. Kufikia habari mpya inafika, imeshashuka mno, ubongo unazima pumzi. Nao unachelewa kuwasha. Ni rafu tupu na korido iliyojaa makasha, ndani ya kifua.

Hapa nakiri Kalamu ana kitu. Mrejesho, yaani taarifa ya matokeo inayomrudia anayeamua, ukichelewa na mwitikio ukiwa mkali kupita kiasi, mfumo unayumba, uwe wa pumzi au wa ghala.

#25 Dada_Maabara
Kemia nayo ina kuyumba. Boris Belousov mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona mchanganyiko wake ukibadilika rangi, ukarudi, ukabadilika tena, mara nyingi. Jarida likakataa kuchapisha, wakiona jambo hilo haliwezekani. Zhabotinsky akaliendeleza miaka ya 1960, leo mmenyuko huo una majina yao.

Lakini angalieni: kuyumba huko hutokea mchanganyiko ukiwa bado mbali na msawazo, na kwenye chupa iliyofungwa hatimaye rangi inatulia moja na mchezo unaisha. Hauzunguki kwenye msawazo kama saa ya ukutani. Unazunguka njiani ukielekea huko.

#26 Hoja_Tu
Uzi umenoga, ila tunarushiana mifano bila mizani. Mwanafalsafa wa sayansi Mary Hesse, 1963, alitoa njia rahisi ya kupima ulinganisho wowote. Gawa mambo mafungu matatu: yanayofanana kwa hakika, yasiyofanana kwa hakika, na ambayo bado hatujajua. Ulinganisho una faida ya kisayansi kwa sababu ya fungu la tatu, maana ndilo linalokuambia ukachunguze wapi.

Tufanye kwa haraka. Mwili na ghala: mrejesho na ucheleweshaji vinafanana. Kisichofanana ni kwamba wenye maghala wanaweza kupigiana simu wakaambiana hali halisi, vihisi vya shingoni haviwezi. Chupa na soko: hesabu ya vilele inafanana, kama alivyosema Hesabu. Kisichofanana ni kwamba molekuli haisomi gazeti. Muuzaji akisikia bei itashuka kesho anauza leo, na kwa kuuza leo anaishusha leo. Hakuna amonia inayofanya hivyo.

Kwa Aristotle fungu la kwanza naliona limebaki karibu tupu. Mtafutieni msawazo mwingine. Wapo wanaotumia neno hilo kwenye falsafa kwa uhalali, kama mwanafalsafa Rawls, 1971: unachukua kanuni zako za haki na hukumu zako kuhusu visa halisi, zikigongana unarekebisha upande mmoja, kisha mwingine, mpaka zikubaliane. Huo una kwenda na kurudi.

#27 Fundi_Mitambo
Huo wa Rawls una kihisi. Kihisi ni dhamiri inayokataa.

#28 Hesabu_Haidanganyi
Na una hatari ileile ya bonde dogo. Mtu anaweza kutulia kwenye bonde la karibu akadhani amefika chini kabisa, kumbe ng'ambo ya kilima kuna bonde refu zaidi. Grafiti, ile ya ndani ya penseli, na almasi vyote ni kaboni, na almasi kwenye hali ya kawaida haiko kwenye bonde la chini kabisa, imekwama tu kwa sababu kilima ni kirefu.

#29 Mtoro_wa_Logi
Nimetoka kwenye pepa wakuu. Swali la heliamu limekuja vilevile kama #3. Dada Maabara, Mungu akuzidishie.

#30 Kalamu_Nyeusi
Hongera Mtoro!

Wakuu nimesoma kila mchango. Nalibana dai langu, silitupi. Nasema hivi sasa: vipo vitu viwili, si kimoja wala si vinne. Kuna kutulia kwa kukosa pa kwenda, ambako kunaunganisha chupa na soko la kwenye mchoro. Na kuna kutulia kwa mrejesho na gharama, ambako kunaunganisha mwili, ghala, kiwanda cha Fundi na huenda dhamiri ya Rawls. Mstari wa kugawa haupiti kati ya vitivo, unapita ndani yake. Kama vyuo vingefundisha huo mstari mapema tungeelewa haraka. Hapo mnanipinga?

#31 BibiFigo
Napinga nusu. Kundi lako la pili lina shimo. Kwenye mrejesho lazima kuwe na kiwango kinacholengwa. Sasa angalia homa. Mgonjwa ana nyuzi 39 na bado anatetemeka na kuomba blanketi. Mfumo wake haujaharibika: haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, imepandisha lengo, na mwili unafanya kazi kwa bidii kulifikia lengo jipya. Ndiyo maana Sterling na Eyer mwaka 1988 walipendekeza wazo la alostasisi, kwamba mwili unatulia kwa kubadilisha viwango vyenyewe kulingana na mahitaji unayoyatarajia. Sasa lengo likiweza kuhama, nani analiweka? Mwili unalo jibu la sehemu, kinga ya mwili ndiyo inayopeleka ujumbe. Ghala linamtegemea mwenye mali. Rawls je?

#32 Hoja_Tu
Hapo umefika kwa Georges Canguilhem, daktari na mwanafalsafa, 1943. Alikataa kwamba hali ya kawaida ni wastani wa takwimu. Kwake, aliye mzima ni yule anayeweza kujiwekea viwango vipya mazingira yakibadilika, na mgonjwa ni yule aliyebanwa kwenye kiwango kimoja tu. Kwa kipimo hicho homa yako si lazima iwe kuharibika.

#33 Dada_Maabara
Ila kwa kipimo hicho chupa yangu haiwezi kuugua wala kupona. Naona hilo ndilo linaloitenga kemia na wengine wote watatu, na wala si gharama ya nishati.

#34 Mzee_wa_Mizania
Mizania nayo haiugui, dada. Mwenye nayo ndiye anayeugua.

#35 Hesabu_Haidanganyi
Mimi bado niko #20. Lengo linalohama ni bonde linalohama, hesabu yake ipo, nitaileta nikitulia kwenye kompyuta.